Niliyeshona Viatu vya Kwaya

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimepata akili. Sijui ilikuwa wapi miaka yote thelathini na moja, lakini leo imekuja, ikanikuta benchi la nyuma kanisani Kigera, nimeficha kiatu changu cha kulia chini ya cha kushoto.

Mambo yako hivi. Mwalimu Lameck, mwalimu wetu wa kwaya, ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 16 tunarekodi video. Asubuhi Butiama vilimani, mchana kwenye mawe ya ziwani hapa hapa Musoma. Mpiga picha anatoka Bunda na mitambo yake. Wimbo wenyewe tulishauingiza studio tangu Pasaka, kwa hiyo siku hiyo ni kuchezesha midomo na kupiga stepu tu. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga, wakanitazama.

Kisha Mwalimu akatazama miguu ya wanaume. Viatu vyetu vya kahawia vilinunuliwa kwa mkupuo, katoni moja, vinafanana kama mayai. Na kwa zile stepu zake, vyote vimeachama mbele. Cha Jilala kinaonyesha vidole vitatu. Mwalimu akasema mtu ambaye kiatu chake kinacheka hasimami mstari wa mbele. Na kama vyote vinacheka, basi wanaume wote watapangwa nyuma ya wanawake, waonekane vichwa.

Hapo nikajua nimekwisha. Kwa sababu mwezi uliopita, kwenye simu, Mama aliniuliza kama kweli naimba au nakaaga tu kanisani kuhesabu mapanga boi. Nikamwambia Mama, mimi nasimamaga mbele kabisa. Mama hakukaa na jambo hilo peke yake. Amelisambaza kwetu Kibara nzima, kuanzia mwaloni wanakoshushia samaki mpaka kwa mchungaji. Video ikitoka itaonyeshwa kwenye televisheni ya duka la jirani yake, na watu ameshawaalika. Ukweli ni kwamba mimi nasimama mstari wa tatu, nyuma ya Jilala, ambaye ni mrefu kiasi kwamba mvua inamfikia yeye kwanza. Mama atatazama dakika sita za Jilala.

Nikanyanyua mkono. Nikasema vileteni viatu vyote kwangu Bweri, nitavishona kwa mkono. Bhoke, katibu wa kwaya, mwanamke asiyependa kuona mtu anaendelea, akaniuliza kama nimewahi kushona kiatu. Nikasema kwetu kushona tumezaliwa nako. Sikudanganya. Baba alikuwa anashona nyavu, na mimi nilikuwaga namshikia uzi. Nimefupisha maelezo tu.

Mpango: aliyeshona viatu vya wote hawezi kuwekwa nyuma. Itakuwa aibu kwao.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda sokoni kwa fundi viatu kuiba ujuzi. Nikasimama kama mtu anayesubiri mtu. Fundi ana sindano yenye mpini wa mbao na kindoano nchani. Anatoboa, ananasa uzi, anavuta, anatoboa. Rahisi kabisa. Baada ya nusu saa akaniuliza kama nina kiatu au nina shida. Nikasema natazama tu. Akasema kutazama ni kwa wenye viatu. Ubinafsi wa elimu ndio unaorudisha nyuma mji huu.

Nimetengeneza sindano yangu mwenyewe. Spoki ya baiskeli, nimeinoa kwenye jiwe, nimekunja ncha, nikaipachika kwenye gunzi la muhindi. Gunzi! Kuna watu wamesoma mpaka chuo kikuu na hawajawahi kuwaza hivyo.

Uzi sikununua. Ninao uzi wa pamba wa Baba, mnene, wa kusokota, umelala sandukuni tangu alipofariki. Nailoni inateleza kwenye ngozi. Pamba inashika. Baba alikuwa anazijua nyuzi kuliko alivyojua majina ya watoto wake.

Jumatano, 6 Agosti

Kiatu cha kwanza: changu. Nilikaa mlangoni kwenye mwanga, kiatu juu ya goti, nikashona huku naimba sauti ya tatu. Mshono wa Baba unapita juu, unazunguka, unafunga fundo, unavutwa. Dakika arobaini za raha tupu. Nikanyanyua kiatu ili nikitazame kwa mbali. Suruali ikaja nacho.

Nilikuwa nimekishonea kwenye suruali. Mafundo kumi na tisa! Na fundo la Baba halifunguki, hiyo ndiyo sifa yake.

Wakati huo huo Bhoke akapiga hodi, kaleta viatu vya wenzetu kwenye kiroba. Nilimkaribisha nimeinama kidogo, kiatu kinaning'inia gotini. Alikitazama kwa muda. Akauliza kama ndio mtindo. Nikamweleza kwamba mafundi wa kweli wanafungaga kiatu kwenye goti ili kisicheze. Akasema ahaa. Alipotoka nilimsikia anacheka mpaka kwa bodaboda, na bodaboda naye akacheka, ila yule nadhani ni kwa kumheshimu abiria.

Suruali imekatwa. Sasa ina mguu mmoja na nusu. Lakini mshono, jamani, mshono ni mzuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Pea tatu zimekamilika. Kidole gumba nimekitoboa mara tano. Najisikia mtu mpya.

Adui naye amejitokeza. Anaitwa Masatu. Huyu bwana ana meno. Akitabasamu, hata mtu aliyekuwa anapiga picha ya ng'ombe anageuka. Kwa ajili ya meno hayo anasimama mstari wa mbele, katikati, tangu wiki ya kwanza aliyojiunga. Leo amewaambia watu kwamba kushona ni mambo ya kale, yeye kiatu chake amekipaka gundi, dakika kumi kimekuwa kipya. Hajaleta chake kwangu. Anataka nionekane sina kazi.

Nimeomba gundi yake ishindwe. Sikuomba kwa sauti.

Jumamosi, 9 Agosti

Yuko Mungu anayesikia. Mazoezi ya leo, wimbo wa kwanza gundi ilishika. Wimbo wa pili, kwenye ile stepu ya kurusha mguu mbele, soli ya Masatu ikang'oka, ikapaa juu ya sauti ya kwanza yote, ikatua kwenye kinanda. Ikapiga noti. Na noti yenyewe ilikuwa sahihi. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Mwalimu Lameck akauliza nani mwingine ana gundi. Watu wakaficha miguu. Akasema waliobaki wapeleke kwa Nathanieli, yule ni mtu wa vitendo. Mtu wa vitendo! Nimerudi nyumbani nikaliandika neno hilo ukutani kwa mkaa.

Masatu mwenyewe alinifuata na viatu mkononi. Aliniomba kwa adabu, akaniita kaka. Nikamwambia hakuna shida, ndugu yangu. Na hapo ndipo akili ya pili ikanijia.

Mstari wa mbele una nafasi nne za wanaume. Hakuna wa kunipisha kwa hiari. Lakini mtu anayebanwa na kiatu harushi mguu, na asiyerusha mguu hakai mbele. Sasa mshono wa Baba ukiuvuta kidogo unakusanya, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kiatu cha kushoto cha Masatu nimekivuta kidogo. Halafu kidogo tena. Dhamiri ilinisumbua. Nikala chapati mbili, ikatulia.

Jumapili, 10 Agosti

Nina hasira, siandiki mengi.

Masatu alivaa. Kisigino kikakataa kwenda chini. Kila tulipofika kwenye kiitikio, sisi tunarusha mguu, yeye anaruka kidogo, anatua kwa ncha ya dole, anazungusha bega ili asianguke. Mwalimu akasimamisha kwaya. Nikanyoosha shati langu, tayari kuitwa mbele. Mwalimu akamwambia Masatu arudie. Akarudia. Mwalimu akavua miwani, akasema stepu hiyo ameitafuta miaka saba.

Sasa kwaya nzima lazima iruke hivyo! Masatu ndiye anayefundisha. Na tulipojaribu, aliyeonekana hajui kabisa ni mimi, kwa sababu kiatu changu kinanikaa vizuri. Mwalimu akasema nisipoipata stepu mpaka Ijumaa, siku ya kurekodi nitamshikia mpiga picha mwavuli.

Masatu kaja kunishukuru kwa mshono. Eti tangu kishonwe kiatu, mguu anausikia mwepesi. Ni damu tu haifiki.

Jumatano, 13 Agosti

Mama amepiga simu. Watazamaji wamefika thelathini, wameazima mabenchi ya kanisa kuyapeleka dukani. Akaniambia pia jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka saa hii. Kwamba tangu Baba afariki, watu walikuwa wanamwita mjane wa mvuvi. Siku hizi wanamwita mama mwimbaji. Akipita mwaloni wanamsalimia hivyo, naye anaitika.

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Basi nimeshona mchana kutwa, nimemaliza pea zote, na hakuna mwingine niliyembana. Nimewashonea kwa upendo. Halafu nimebana viatu vyangu, vyote viwili, ili niruke kuliko Masatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeruka mpaka Mwalimu akaniuliza kama niko salama. Mwavuli amepewa mtu mwingine. Mimi nimerudishwa mstari wa tatu, nyuma ya Jilala. Hayo ni maendeleo. Kesho mbele nitafika kwa miguu yangu, hatua kwa hatua, wimbo ukiwa unaendelea. Nimetia kisu kidogo mfukoni. Fundi hasafiri bila kisu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni.

Butiama, asubuhi. Jua, mawe, nyasi kavu, tumependeza mno. Viatu vyote vimefumba midomo. Mwalimu alinipongeza mbele ya watu. Muziki ukawashwa, nikaanza safari yangu. Hatua moja kushoto. Jilala akageuka kidogo, akaniona, naye akaenda kushoto. Hatua moja kulia. Jilala kulia. Tulipopumzika akaniambia kwa upole kwamba ameona jua linaniunguza, ndiyo maana ananikinga. Wasukuma hawa, watu wa pamba, wana roho nzuri. Nilitaka kumng'ata.

Mchana, ziwani. Mpiga picha akasema wanawake wapande kwenye mawe, wanaume tushuke chini, tusimame pale mawimbi yanapofika, maji yatuguse vifundoni. Picha itavutia. Tukashuka. Mara ya kwanza tuliimba vizuri. Akasema turudie. Spika ilikuwa kubwa kama kabati, imefunguliwa mpaka mwisho, na yeye amekaa nyuma yake.

Ubeti wa kwanza nikasikia vidole vyangu vinasalimiana.

Ndipo nikakumbuka. Baba alikuwaga ananiambia, fundo lifunge kwa kulegeza kidogo, mwanangu, halafu tupa ziwani. Pamba ikinywa maji inajivuta yenyewe. Kazi iliyobaki ziwa litamalizia, na samaki akishaingia hatoki. Alinifundisha hayo nikiwa na miaka tisa, nikayashika vizuri kabisa. Sema sikuwahi kuyafikiria upande wa samaki.

Pea zote. Uzi ule ule.

Masatu ndiye aliyeanza. Macho yalimtoka, meno yote nje, akaruka. Akafuata wa pembeni yake. Kisha wanaume wote, mguu juu, ncha ya dole, bega linazunguka, kwa pamoja, kama tumezaliwa tumbo moja. Stepu ambayo wiki nzima ilitushinda! Nyuso zimetazama mbinguni, machozi yanatiririka. Tukipiga kelele, spika inameza. Mpiga picha akanyanyua dole gumba, akasogea karibu. Mwalimu Lameck kasimama juu ya jiwe, mikono imefunguka, analia kwa furaha, anadhani upako umeshuka.

Na hapo, mbele yangu, njia ikafunguka. Masatu alikuwa ameinama akishika kiatu. Jilala kaenda upande. Katikati ya mstari wa mbele palikuwa wazi, pana, panang'aa maji, hakuna mtu. Hatua tatu tu. Nilipatazama. Naapa nilipatazama. Nikaona duka la Kibara, mabenchi, Mama kakaa la kwanza.

Jilala akaita jina langu. Sikumsikia, niliona midomo. Wenzake midomo inasema haleluya, yake inasema Nathanieli. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, ananitazama kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango.

Nikapiga magoti majini. Nikatoa kisu. Nikakata vyangu kwanza, hisani huanzia nyumbani, kisha nikaanza kutambaa. Mguu hadi mguu, maji kifuani, mgongo kwa kamera. Nyuzi za Baba hazikatiki kwa kuombwa, nilikuwa nakerezakereza, navuta kiatu, navua, nasugua vidole damu irudi, nahamia kwa mwingine. Masatu nilimfanya wa pili kutoka mwisho. Ubeti wa mwisho ulipoisha wanaume wote walikuwa peku, na viatu vya kahawia vinaelea kwenda zake Ukerewe.

Mpiga picha akazima mitambo, akasema hajawahi kurekodi kitu kama hiki, akafunga mizigo arudi Bunda kabla ya giza. Kurudia haiwezekani. Mwalimu alipojua kilichotokea alikaa juu ya jiwe akitazama viatu vinavyokwenda. Bhoke alikuwa amelala chali kwenye mawe anacheka hana sauti. Masatu alinifukuza, lakini kwa miguu ile hakufika mbali.

Nimetembea peku mpaka Bweri. Mama ataitazama video nzima akimtafuta mwanaye, na watu thelathini watamsaidia kutafuta. Nimelia. Sitaki kuandika kwamba ni vidole, si vidole.

Jumapili, 24 Agosti

Video imetoka jana. Sikuitazama. Nilizima simu nikalala nayo chini ya godoro, kana kwamba Mama angeweza kutokea ndani yake.

Leo baada ya ibada, ambayo sikwenda, nimeiwasha. Ujumbe wa kwanza, Bhoke: kamati imekaa, imeamua nisionekane karibu na kiatu cha mwanakwaya yeyote, hata nikikiona kimeanguka njiani. Kisha Mama. Amepiga mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikapokea.

Alikuwa analia. Nikaanza kusema Mama nisamehe. Hakunisikiliza. Akasema duka zima lilisimama. Kwamba wengine wote wanaimba na kurukaruka, kazi ambayo kila mtu anaiweza, lakini mwanaye yuko mbele yao wote, mbele kabisa kama alivyosema, peke yake, amepiga magoti ziwani, anawaosha wanaume miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Amehesabu, wako kumi na wawili. Na wanaume wenyewe wanalia kwa kuguswa, hasa yule mwenye meno. Mchungaji alisimamisha picha hapo mara tatu. Bibi mmoja akaomba maji. Na wakati wa kuondoka, Mama anasema, hakuna aliyemwita mama mwimbaji. Wamemwita mama mtumishi.

Mimi nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasikia anavyopumua kwa furaha kule Kibara, nikaufunga. Kisha nikaufungua tena, nikasema Mama, hiyo huduma ninayo tangu zamani, sikupenda tu kujitangaza.

Akasema alijua. Akasema pia mchungaji ananiomba mwisho wa mwezi niende Kibara, niwaoshe wazee wa kanisa miguu mbele ya washirika wote, na mtu wa kurekodi kwa simu yupo. Nikamwambia rekodi ya unyenyekevu haifanywi kwa simu, waite mpiga picha wa Bunda. Nimeshachagua na mahali nitakapopiga magoti, katikati, upande wa jua, na nitainua uso kidogo safari hii.

Tatizo ni moja tu. Wazee wa Kibara ni watu wakavu, hawalialii ovyo, na pasipo machozi picha haitagusa mtu. Nimewaza mchana wote. Jioni hii nimempigia Mama, nikamwomba akusanye viatu vyao. Nitawashonea mwenyewe, kwa mkono, kwa uzi wa Baba, bure.